Mti wa Jiwe Katika Msingi wa Maabara

Jumamosi, tarehe 14 Septemba 1996, yapata saa nne asubuhi, nilikuwa nimepiga magoti juu ya lundo la kokoto nyuma ya ofisi ya mkuu wa shule, naramba mawe. Nilichukua kipande, nikakipangusa kwa upindo wa kitenge, nikakigusisha ulimini, kisha nikakitupa kushoto au nikakiweka kulia. Kushoto yalikwenda mawe ya kawaida. Kulia, ndani ya ndoo ya plastiki niliyoazima jikoni, ilikwenda mifupa.

Naanza na tendo hilo kwa sababu ndilo lililoandikwa baadaye kwenye barua ya kunishtaki, na kwa sababu walionijua kule wamelisimulia miaka yote hii kama kichekesho. Mimi halijawahi kunichekesha. Nimevuka miaka hamsini sasa. Hasira nyingi za ujana zimenitoka bila hata mimi kuziaga, lakini hii imebaki, na sijaona sababu ya kuiomba iondoke.

Shule yenyewe ilikuwa changa, ya kutwa, iliyojengwa kwa nguvu za wananchi huko bondeni upande wa Ziwa Rukwa, mwendo wa nusu siku kwa lori kutoka Mpanda mjini iwapo barabara imekauka. Siku hizo Katavi haikuwa mkoa. Tulikuwa wilaya ya pembezoni ya mkoa wa Rukwa, na bonde letu lilikuwa pembezoni mwa pembezoni. Mimi nilikulia Nsemulwa, pale Mpanda mjini, nikasoma, nikaenda chuo, nikarudishwa kufundisha Baiolojia na Jiografia nikiwa na miaka ishirini na tisa. Sikuwa nimeolewa. Jambo hilo la mwisho nalitaja kwa sababu lina kazi katika habari hii.

Wiki tatu kabla ya Jumamosi ile niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha pili kwenye korongo lililo mwendo wa saa moja na nusu kutoka shuleni. Nililijua kwa kuambiwa na mrina asali mmoja aliyelalamika kwamba shoka lake lilipasuka kwenye gogo lililoanguka, akidhani ni mninga mkavu. Nilikwenda peke yangu kwanza. Gogo lilikuwa limelala kukatiza korongo, refu kama hatua tisa, limekatika vipande vitatu vikubwa. Mahali lilipokatika ungeweza kuhesabu pete za ukuaji, mwaka wa mvua nyingi ukiwa na pete pana na mwaka wa njaa ukiwa na pete nyembamba kama uzi. Lilikuwa jiwe tupu. Hatua chache kutoka hapo, kwenye ukingo uliomegwa na maji, zilichomoza pingili za uti wa mgongo wa mnyama nisiyemjua, kubwa kuliko za ng'ombe, zimepangana kama zilivyopangwa siku alipoanguka.

Siku ya safari niliacha Kiingereza cha darasani, maana nilitaka waelewe. Niliwauliza: mbuzi akifia njiani, baada ya mwezi kunabaki nini? Wakajibu kwa pamoja kwamba hapabaki kitu. Fisi, mchwa na jua hugawana. Basi, nikawaambia, kiumbe hakiwezi kugeuka jiwe mpaka kwanza kikose kuliwa na kukosa kuoza. Lazima yaje mafuriko ya ghafla, kama yale yanayoshuka kutoka milimani mwezi wa pili na kufukia majaruba ya mpunga, yakizike kwenye tope na mchanga kabla fisi hajanusa na kabla hewa haijafanya kazi yake. Kisha tope jingine juu ya hilo, na jingine tena, kwa muda ambao hakuna ukoo unaoweza kuuhesabu. Maji yanayopenya huko chini yamebeba madini. Nikawakumbusha sufuria za nyumbani, ule ukoko mweupe unaoganda ndani kwa kuchemsha maji ya kisima chetu kila siku. Maji ya namna hiyo, nikasema, yakipita polepole kwenye vijitundu vya mbao au vya mfupa, huacha ukoko wake mle ndani, kijitundu kwa kijitundu, mpaka mbao yenyewe inakwisha na jiwe linabaki limeshika umbo lake. Ni kama mtu abomoe nyumba tofali moja moja, na kila tofali analolitoa aweke la chuma mahali pake. Siku akimaliza utaiona nyumba ileile, na hakuna tofali hata moja lililokuwepo jana.

"Kwa hiyo hata sisi tunaweza, mwalimu?" aliuliza mmoja.

"Ukizikwa vizuri, na ukiwa na subira."

"Basi babu yangu yuko njiani. Tangu nizaliwe hajainuka kwenye kiti."

Walicheka mpaka ndege wakaruka. Nikawafundisha jaribio ambalo nami nilifundishwa chuoni: mfupa wa kale, kwa kuwa bado una vitundu vidogo visivyojaa, hunata ulimini, jiwe la kawaida halinati. Walisitasita, wakitazamana, mpaka binti mmoja mrefu wa Kisukuma akainama akaramba pingili, akainuka macho yamemtoka: "Inanishika!" Baada ya hapo nilishindwa kuwazuia. Wanafunzi thelathini na wanane wakatawanyika korongoni wakiramba dunia. Niliwakataza kuondoka na chochote. Niliwaambia kila kitu kibaki mahali pake mpaka mtaalamu aje kukitazama kikiwa pale pale, kwa kuwa mahali ni nusu ya habari yake. Walinielewa na hawakubeba kitu. Mpaka leo nawatetea kwa hilo.

Nilirudi nikaandika taarifa ya kurasa mbili. Nakala moja niliituma Mpanda mjini kwa ofisi niliyodhani inahusika, nikiomba waelekeze mtaalamu. Nyingine nilimpa mkuu wa shule mkononi. Aliisoma akiwa amesimama, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, akasema, "Vizuri sana, mwalimu. Tutalifanyia kazi." Akaiingiza kwenye faili. Niliuona mkono wake ukiifungia humo.

Wiki mbili zikapita. Siku moja mstarini mkuu akatangaza kwamba wilaya imeleta saruji ya kujengea maabara, fundi amepatikana, na kila mwanafunzi alete ndoo tatu za kokoto kabla ya Jumatatu ya tarehe kumi na sita. Asiyeleta asiingie darasani. Hapakuwa na jipya katika tangazo hilo. Hivyo ndivyo tulivyojenga kila kitu: kuni za jikoni, maji ya fundi, nyasi za mapaa, vyote viliingia getini juu ya vichwa vya watoto. Nami nilikuwa nimesimama pale pale mstarini, nafurahi. Maabara ile niliipigania mimi. Nilikuwa nimefundisha mwaka mzima kwa kuchora darubini ubaoni.

Jambo ambalo halikunijia kichwani asubuhi ile, na ambalo mtoto yeyote wa bonde lile alikuwa nalo tayari, ni hili: bonde lile halina mawe. Ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi, unaweza kutembea siku nzima usipate la kumtupia mbwa. Mlima uko mbali na hakuna lori. Ukimwambia mtoto wa pale alete ndoo tatu za kokoto, atajiuliza aliona wapi jiwe kwa mara ya mwisho. Na wanafunzi wangu thelathini na wanane walikuwa na jibu. Mimi ndiye niliyewapa.

Ndiyo maana Jumamosi ile, nilipopita nyuma ya ofisi kuchukua madaftari, niliona kwenye lundo kipande chekundu chenye mistari ya pete. Wanafunzi kama kumi walikuwa wamekaa chini wakiponda kwa nyundo. Waliniamkia kwa uchangamfu. Nilipouliza wametoa wapi mawe, waliinamia nyundo zao. Nikaenda kuazima ndoo.

Wazazi walianza kujaa. Akina mama walileta maji ya fundi. Fundi mwashi, mtu wa Kigoma mwenye ulimi mwepesi, alinitazama kwa muda kisha akasema kwa sauti iliyokusudiwa kusikika, "Mwalimu, chumvi imekwisha dukani?"

"Natafuta mifupa," nikasema.

"Mwacheni mtoto wa watu," alidakia mama mmoja aliyekuwa anatua ndoo. "Mimi mimba ya pili nilikula ukuta wa jiko mpaka mume wangu akaanza kulala na nyumba wazi."

"Ya kwangu ilitaka udongo wa kichuguu," akasema mwenzake. "Hii ya mwalimu inataka kokoto. Hapo ni dume."

"Dume la fundi!" Wakapasuka kwa kicheko, na fundi akainua mikono juu kama mtu anayekana mbele ya polisi.

Msomaji wa mahali pengine huenda asielewe uzito wa maneno hayo. Sokoni kwetu wako wanawake wanaouza vipande vya udongo vilivyokaushwa, na wanunuzi wao ni wajawazito. Mwanamke akionekana anatia udongo au jiwe mdomoni, hakuna anayeuliza maswali, wanahesabu miezi. Na mwanamke huyo akiwa mwalimu asiye na mume, wanahesabu na wanaume pia. Nilisema, "Si mimba, jamani, ni mifupa ya kale," na kila niliposema ndivyo nilivyozidi kufanana na mtu anayeficha. Niliendelea kuramba. Sikuwa na njia nyingine ya haraka ya kuitenga mifupa na mawe, na nyundo zilikuwa hazisimami.

Kisha ukaingia mkokoteni wa ng'ombe. Aliyeuendesha alikuwa baba wa yule binti mrefu, mfugaji aliyehamia bondeni na ng'ombe wake kutoka kaskazini miaka michache nyuma. Juu ya mkokoteni, limefungwa kwa kamba za ngozi, lilikuwa pande zima la shina, refu kama dawati la watoto wawili, pete zake zinanitazama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu." Hilo ndilo neno lao la kumwita mama kwa heshima, na alinitamkia hivyo kila mara, hata aliponiumiza. "Nionyeshe pa kushusha. Watoto watatu, ndoo tisa. Humu zinatoka kumi na mbili. Za ziada muwawekee mwakani."

"Baba, huu ni ule mti."

"Ndiyo. Binti kaniambia, mwalimu kasema ni mti. Nikasema vizuri, hata kuni huwa tunaleta."

Watu wakacheka tena. Nilimwambia kwamba niliwakataza watoto wasiuguse.

"Uliwakataza, kweli, na hawakuugusa mpaka mkuu alipowaambia asiyeleta mawe asiingie darasani. Sasa mtoto amsikilize nani, mayu? Mwenye maneno au mwenye fimbo?"

"Lakini wewe ni mtu mzima. Ungeniuliza."

Akanitazama kwa mshangao usio na uadui. "Kwetu mtu akitaka majani yake yafike kiangazi anatenga ngitili. Anawaita majirani, anawaonyesha mpaka, huu mti mpaka ule mti, wanasikia. Ng'ombe wangu akiingia humo, nalipa na nanyamaza, maana nilioneshwa. Wewe mpaka wako uko wapi? Mlienda, mkachekacheka, mkarudi. Kitu kisicho na mpaka ni cha nani?"

 Nilimwomba tu asishushe. Aliniuliza, kwa sauti ya chini sasa, "Nikirudi nalo, unaniahidi wanangu Jumatatu watakaa darasani?"

Huo ulikuwa wakati wa kusema ndiyo. Nilifungua kinywa na nikaona sura ya mkuu, daftari la mahudhurio, fimbo ya mwalimu wa zamu, na nikajua kwamba sina mamlaka hata ya kumketisha mtoto mmoja kwenye dawati. Nilikuwa na shahada na ndoo ya kuazima. Alisubiri kwa heshima muda wa kutosha. Kisha akalegeza kamba, wanaume wanne wakalisukuma, likaanguka na mlio ambao sikuutegemea, kama wa chungu kikubwa kinachopasuka.

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mkuu wa shule, hatua chache tu kutoka pale. Alikuwa barazani na kikombe.

"Karibu chai, mwalimu."

"Mkuu, wanaponda kile nilichokuandikia."

"Kokoto?"

"Ule mti. Na mifupa. Ipo kwenye faili lako."

Akaweka kikombe chini. Lazima nimtendee haki: hakuwa mlevi wala mwizi, na hakuwa mjinga. "Mwalimu, wewe umesoma, mimi nimesoma. Nina saruji ghalani. Mvua zikinikuta sijamwaga msingi, unyevu utaingia, itaganda ndani ya mifuko. Ikiganda nimwambie nini Afisa Elimu? Kwamba nilikuwa nangoja mtaalamu wa mifupa?"

"Nipe wiki mbili. Tutafute mawe ya mlimani."

"Kwa lori gani?"

"Basi watoto waruhusiwe kuingia hata bila kokoto, ili wasiendelee kuchimba kule."

"Nikiruhusu mmoja nimeruhusu wote. Na maabara hii ni wewe uliyeililia." Kisha akabadili sauti, akaifanya laini, na ulaini huo ndio ninaoukumbuka kwa uchungu zaidi. "Mke wangu amenidokeza hali yako. Hatukulaumu. Wanawake mkiwa hivyo mnapatwa na mambo, mnashika jambo dogo mnalifanya mlima. Pumzika kidogo."

Nusu saa. Kokoto zilikuwa bado hazijakauka mate yangu, na uvumi ulikuwa umeshafika barazani, umekunywa chai, umekuwa sababu ya kutonisikiliza. Yeye alikuwa na taarifa yangu ya kurasa mbili tangu Agosti, na aliamini ulimi wa jirani badala ya kalamu yangu. Ningekuwa mwanamume naramba mawe, wangesema mwalimu amechanganyikiwa, na hata mwenda wazimu watu humwuliza anaona nini.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilikaa kwenye lundo kuanzia asubuhi, na binti yule mrefu akaja bila kuitwa pamoja na wenzake watatu. Wakaramba pamoja nami, hata baada ya mama zao kuwaita kwa ukali kutoka njiani. Jioni tulikuwa na ndoo moja iliyojaa vipande vya mfupa, kikubwa kati yake kikiwa sawa na ngumi. Pande la shina lilikuwa limekwisha. Wavulana wenye nguvu walikuwa wamelimaliza kwa nyundo kubwa ya fundi, na sikuwachukia. Walikuwa wanalipia nafasi zao darasani.

Jumatatu asubuhi, saa ya kipindi changu cha kwanza, niliingia kwenye mtaro wa msingi nikasimama humo. Sikuwa nimepanga. Fundi alisimamisha toroli ukingoni. Zege lilikuwa tayari, la kijivu, na ndani yake niliona wekundu wa ule mti.

"Mwalimu, toka. Linaganda."

"Najua."

"Mimi sina ugomvi na wewe, dada yangu. Lakini nikichelewa nakatwa ujira mimi."

Wanafunzi walikuwa madirishani. Mkuu alikuwa mlangoni mwa ofisi, hasogei, ananitazama kama unavyomtazama mgonjwa anayesubiri gari. Nilisimama pale pengine dakika kumi. Kisha nikatoka. Nilishika mkono wa fundi, akanivuta juu, na zege likamwagwa nyuma ya visigino vyangu. Nimewahi kuisimulia habari hii nikaiishia mahali ambapo bado nimesimama mtaroni. Huo ulikuwa uongo. Nilitoka mwenyewe, kwa miguu yangu, kwa sababu niliona aibu ya kutazamwa.

Alhamisi mhudumu aliniletea barua. Ilinitaka nijieleze kwa maandishi, katika siku saba, kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu kwa makosa matatu: kuacha kipindi, kuzuia shughuli ya maendeleo, na kushusha hadhi ya ualimu kwa kuramba mawe hadharani mbele ya wazazi na wanafunzi. Mwishoni, kana kwamba ni jambo la kawaida la ofisi, iliniagiza niende hospitali ya wilaya Mpanda nikapimwe, nirudi na cheti "ili uongozi ujiridhishe na hali yako".

Siku saba zilipita sijaandika neno. Jumamosi ya pili nilikwenda nyumbani kwa yule mfugaji. Aliniona na panga mkononi, akacheka: "Leo mayu amekuja bila chaki." Nilimwambia nataka anifundishe kutenga ngitili. Hakuuliza ya nini. Aliwaita majirani sita, Wapimbwe na Wasukuma, na wazee wawili wa kitongoji. Tukashuka korongoni, kidato cha pili nyuma yetu. Pande moja la shina lilikuwa bado limefukiwa nusu, na sehemu ya uti wa mgongo ilikuwa bado ndani ya ukingo, wanafunzi hawakuifikia. Aliutembea mpaka akiutaja kwa sauti kubwa, mti hadi mti, na kila mmoja akaitikia kwamba ameona. Tukafunga njia kwa matawi ya miiba. Mikono yangu ilivuja damu na nilikuwa na furaha iliyojaa hasira. Kazi ile ilichukua asubuhi moja tu. Ningeweza kuifanya mwezi Agosti.

Baada ya hapo ndipo nilipoandika. Nilitumia karatasi ya kaboni, na nakala yangu iko mbele yangu ninapoandika haya. Nainakili bila kuipunguzia ukali.

*

21 Oktoba 1996

Mkuu wa Shule,

YAH: KUJIELEZA

Barua yako ya tarehe 19 Septemba niliipokea. Siku saba ulizonipa zimepita zamani. Nilizitumia kufikiri, na zilizofuata nilizitumia kufanya kazi ambayo wewe nami tulipaswa kuifanya kabla ya kutangaza habari ya kokoto.

Ni kweli niliacha kipindi siku ya Jumatatu tarehe 16 Septemba. Nakubali kosa hilo na sitaliombea udhuru. Kipindi chenyewe kilihusu masalia ya viumbe, na masalia hayo yalikuwa yanamwagwa kwenye mtaro mita thelathini kutoka ubaoni.

Si kweli kwamba nilizuia maendeleo. Laiti ningezuia. Msingi umekwisha, kuta zinapanda, na wanafunzi watapata chumba chenye meza na mabomba. Ndani ya msingi wa chumba hicho kuna mti ulioota kabla hapajawa na mtu wa kuupa jina, uliozikwa na mafuriko, ukapenywa na maji yenye madini mpaka kila kijitundu chake kikawa jiwe, na ukatutunzia pete za mvua na za njaa ambazo hakuna kitabu katika maktaba yetu kinachozijua. Ulivumilia hayo yote. Haukuvumilia ndoo tatu kwa kila mwanafunzi. Taarifa yake unayo kwenye faili tangu Agosti. Sikulaumu kwa kutojua. Nakulaumu kwa sababu ulijulishwa.

Nami nina lawama yangu, na sitaki mtu mwingine aibebe. Niliwaonyesha watoto kitu cha thamani bila kukiwekea mpaka wala kuwaita wenye kijiji, nikidhani karatasi ya kurasa mbili inatosha kuwa ulinzi. Wanafunzi hawana hatia. Naomba asiadhibiwe hata mmoja, pamoja na wasichana wanne waliofanya kazi nami siku ya Jumapili.

Kuhusu kuramba mawe: hilo ni jaribio, na nililifanya kwa usahihi. Niliokoa vipande themanini na kimoja. Kama hadhi ya ualimu ilishuka siku ile, basi ilishuka kwa waliotazama kazi wakaona tumbo.

Kuhusu hospitali: sitakwenda. Sina mimba, na ningekuwa nayo, ukweli wa taarifa yangu usingepungua hata kwa neno moja. Hujawahi kumwagiza mwalimu wa kiume akapimwe kitu chochote kabla ya kusoma alichokuandikia. Agizo hilo naliona ni tusi, na nimeomba wanaopata nakala ya barua hii waniambie wao wanalionaje.

Naarifu pia kwamba tarehe 28 Septemba wenye kijiji walitenga eneo lililobaki korongoni kwa utaratibu wao, mashahidi wakiwepo. Mpaka umefungwa kwa miiba. Naomba utangaze mstarini, kwa sauti ile ile uliyotangazia kokoto, kwamba hakuna mwanafunzi atakayetumwa kutoa jiwe mle, kwa ujenzi wowote, mpaka mtaalamu afike. Kama hutatangaza, nitatangaza mimi, na utakuwa na kosa la nne la kuniandikia.

Nimeambatanisha kipande kimoja cha pingili ya uti wa mgongo ili kiwekwe pamoja na taarifa yangu ya Agosti, kwa ajili ya yeyote atakayefungua faili hilo baada yetu. Naomba kisitumike kukandamizia karatasi.

Mwalimu wa Baiolojia na Jiografia

Nakala: Afisa Elimu wa Wilaya, Mpanda
Nakala: Mwenyekiti wa Kijiji